Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje: kutofungamana si kukaa kimya

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, na kwenu Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Bunge ya Nje, Ulinzi na Usalama.

Waheshimiwa, salaam.

Nawaandikia kutoka Missenyi, mkoani Kagera. Nimefundisha Historia na Uraia katika shule za sekondari kwa miaka mingi, kisha nikastaafu kwa hiari. Kila mwaka nilipofika kwenye mada ya mambo ya nje baada ya uhuru niliandika ubaoni sentensi ileile: Tanzania haifungamani na upande wowote. Wanafunzi waliinakili, wakaikariri, wakaijibia mtihani. Lakini katika miaka yangu ya mwisho kazini walianza kuniuliza swali lililonishinda. Binti mmoja wa kidato cha tatu aliuliza waziwazi, mbele ya wenzake: "Mwalimu, kwa hiyo sisi hatuna maoni?"

Nilimjibu kwamba tunayo. Akataka mfano wa karibuni. Nikamrudisha mwaka 1965. Hakuridhika, na ninyi ndio mnaoweza kumridhisha, ndiyo maana nawaandikia.

Kwanza niseme ninakotoka, kwa sababu jambo hili mimi sikulijulia vitabuni.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 nilikuwa na miaka 11, darasa la nne, tukiishi kijijini kaskazini ya mto Kagera, upande wa kuelekea Mutukula. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka tulitoka usiku, mama amembeba mdogo wangu mgongoni, bibi ameshikwa mkono na baba mdogo, tukavuka daraja la Kyaka pamoja na watu ambao sijapata kuona wingi wao tena. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote tuliyoiacha nyuma sasa ni ya Uganda. Siku mbili baadaye daraja likabomolewa. Ng'ombe wa ranchi ya Missenyi wakaswagwa kwa maelfu kuvushwa mpaka, kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa. Majirani zetu waliochelewa kutoka, wengine hatukuwaona tena.

Tulipokelewa katika shule moja, tukalala madarasani. Baba mdogo alikuwa na redio ya betri, na jioni watu wazima wote walikusanyika kwake. Tarehe 2 Novemba tukamsikia Mwalimu Nyerere akisema kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo na nia ya kumpiga tunayo. Watu walilia. Hotuba ilipokwisha baba mdogo aliuliza swali ambalo aliendelea kuliuliza kila jioni, wiki baada ya wiki, taarifa ya habari ilipomalizika: "Na wengine, wamesemaje?"

Wengine ni nchi za Afrika. Nazo nyingi hazikusema kitu. Baadhi ya zilizosema zilitaka pande zote mbili zisimamishe mapigano na kukaa mezani. Mwenyekiti wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wakati huo alikuwa Rais Nimeiry wa Sudan, na juhudi zilizofanyika zilikuwa za usuluhishi, kana kwamba mvamizi na mvamiwa walikuwa wamegombania mpaka wa shamba la migomba. Umoja ule haukutamka kwamba Amin amekosea. Hata mwaka uliofuata, Kampala ilipokuwa imekwisha kuanguka tangu tarehe 11 Aprili, aliyelaumiwa katika mkutano wa wakuu wa nchi kule Monrovia, Julai 1979, ni Mwalimu, kwa kuvuka mpaka. Ulinganisho huo nauacha kwenu.

Waheshimiwa, tangu nikiwa mtoto wa darasa la nne maneno "pande zote mbili" hayajawahi kunipita masikioni bila kuniuma.

Sasa sikilizeni upande wa pili wa hadithi hiyo, kwa sababu ndio hasa ulionifanya nishike kalamu. Msumbiji haikusema pande zote mbili. Ilileta askari wake wakapigana pamoja na wetu. Kwa nini wao? Kwa sababu tarehe 25 Juni 1962, Tanganyika ikiwa na umri wa miezi sita na siku chache, FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilizaliwa Dar es Salaam. Tukawapa mahali pa kukutana, baadaye kambi za mafunzo Kongwa na Nachingwea, na bandari ya kupitishia silaha. Mtawala wao alikuwa Mreno, mwanachama wa NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Nchi iliyokuwa bado inajenga ofisi zake za kwanza, bila jeshi la kutisha mtu yeyote, ilichagua upande mchana kweupe. Na nchi hiyohiyo ilijiita isiyofungamana na upande wowote. Hapakuwa na mgongano wowote hapo, na wakubwa wa wakati ule walijua kwa nini.

Mimi nilikuwa nawaeleza wanafunzi kwa mfano wa baraza la ukoo. Mzee anayeketi barazani hafungamani na mtu. Hajala kuku wa mlalamikaji wala hajanywa pombe ya mlalamikiwa. Kesi ikiletwa anasikiliza, anauliza, anapima. Lakini mwisho wa siku anafungua mdomo. Mzee ambaye kila kesi ikifika kwenye hukumu yeye anaangalia chini na kusema hana upande, watu huacha kumwita. Kutofungamana ni kukataa kuiahidi kura yako kabla kesi haijasikilizwa. Hakujawahi kuwa na maana ya kukataa kuhukumu.

Na angalieni jinsi nchi changa ilivyolipa gharama ya maana hiyo.

Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar na Muungano, tulirithi ugomvi wa Wajerumani. Zanzibar ilikuwa imeitambua Ujerumani Mashariki, ambayo baadaye ilijenga magorofa yale ya Kikwajuni yanayokaliwa hadi leo. Bara ilikuwa na urafiki na Ujerumani Magharibi, iliyokuwa ikitufundishia jeshi la anga na la majini. Bonn, makao makuu ya Ujerumani Magharibi, ilikuwa na kanuni: atakayeitambua Berlin Mashariki asahau urafiki wetu. Serikali ikatafuta njia. Ubalozi wa Ujerumani Mashariki usiwepo, uwepo ubalozi mdogo tu Dar es Salaam, bila utambuzi rasmi. Bonn haikuridhika na hilo pia. Mwanzoni mwa 1965 ikawaondoa wakufunzi wake wa kijeshi. Mwalimu akawaambia kama msaada wao ni kamba ya kutufunga, basi wachukue na uliobaki. Wakanada wakaja kushika kazi ya mafunzo. Hatukuhamia Mashariki, wala hatukurudi Magharibi tukiwa tumeinamisha kichwa.

Mwaka huohuo, tarehe 11 Novemba, Ian Smith akajitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaazimia kwamba Uingereza isipochukua hatua hadi tarehe 15 Desemba, wanachama wavunje uhusiano nayo. Nchi nyingi zilizoazimia hazikutekeleza. Sisi tulitekeleza siku hiyohiyo ya 15, na mkopo wa pauni milioni 7.5 wa Uingereza, uliokuwa umekwisha kukubaliwa, ukazuiwa. Kwa nchi yenye umri wa miaka minne hizo zilikuwa barabara, shule na zahanati.

Naomba mtue hapa kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo vitabu vyetu vya kiada vinalipita haraka. Tarehe 14 Desemba 1965, siku moja kabla, Mwalimu alikwenda Bungeni. Aliwaeleza wabunge, na kupitia kwao wananchi, kwa nini tunafanya hivi, tumeahidi nini, na itatugharimu nini. Hakuwaacha watu waamke asubuhi wakute uamuzi. Alijua kwamba anayelipa ni mkulima wa pamba wa Mwanza na wa kahawa huku kwetu, na mlipaji ana haki ya kuelezwa.

Aprili 1968 tukaitambua Biafra, eneo lililojitenga na Nigeria, wa kwanza duniani. Nigeria ikakata uhusiano nasi. Mimi binafsi nadhani uamuzi ule haukuwa sahihi, na nimebishana juu yake na walimu wenzangu mara nyingi. Lakini tuliweza kubishana kwa sababu Serikali ilitoa maelezo yaliyoandikwa, hoja baada ya hoja. Mtu huwezi kubishana na ukimya.

Agosti mwaka uleule vifaru vya Umoja wa Kisovieti na washirika wake vikaingia Chekoslovakia. Dar es Salaam ikalaani. Kumbukeni hali ilivyokuwa: bunduki za wapigania uhuru zilikuwa zinateremka bandarini kwetu, na nyingine zilitoka hukohuko Moscow. Ingekuwa rahisi sana kusema hawa ni rafiki zetu, wanatusaidia dhidi ya Mreno na Kaburu, tuangalie pembeni. Hatukuangalia pembeni, na Moscow haikuacha kuwasaidia wapigania uhuru.

Wapo wanaodhani msimamo wa namna ile uliifukuza misaada. Nendeni Mbeya mkatazame. Kuna bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lililoanza kazi mwaka 1968, lililojengwa na Waitaliano. Kuna barabara kuu ya kwenda Zambia, ambayo sehemu yake ilijengwa kwa fedha za Wamarekani. Kuna reli ya TAZARA, kilomita 1,860, iliyojengwa na Wachina kwa mkopo usio na riba baada ya nchi za Magharibi na Benki ya Dunia kusema haina faida. Ilikabidhiwa Julai 1976. Mafuta ya Mwitaliano, lami ya Mmarekani na reli ya Mchina katika ukanda mmoja, katika miaka ileile ya vita baridi. Walikuja wote kwa sababu walijua nchi hii hainunuliki, na isiyonunuliwa na mwingine inafaa kufanya nayo kazi.

Sasa nije kwetu leo.

Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura juu ya uvamizi wa Urusi nchini Ukraine. Nchi 141 ziliunga mkono azimio la kuutaka uvamizi huo ukome, 5 zilipinga, 35 zilijizuia. Tanzania ilijizuia. Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ziliunga mkono. Uganda na Burundi zilijizuia kama sisi. Oktoba mwaka huo, lilipokuja suala la Urusi kuyatangaza majimbo ya Ukraine kuwa yake, matokeo yakawa 143 kwa 5, na 35 wakijizuia. Tukajizuia tena.

Nilikuwa bado kazini. Nilikaa nyumbani, kilomita chache kutoka kwenye mto ule, nikafikiria mtu aliyetangaza kwenye redio kwamba ardhi ya jirani yake tangu leo ni yake. Niliwahi kuwa mtoto kwenye ardhi hiyo.

Sidai kwamba lazima mngepiga kura ya ndiyo. Narudia, maana najua barua za namna hii husomwa haraka. Zipo sababu ambazo mtu mwenye akili timamu anaweza kuzitoa. Mwaka ule bei ya mafuta ilipanda hadi Serikali ikaweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi wa Juni. Mbolea ilikuwa haishikiki. Ngano tunaiagiza nje. Kama tulijizuia kwa sababu tuliogopa mkulima wa Rukwa kukosa mbolea, semeni hivyo, nami nitalipima. Kama ni deni la fadhila za ukombozi, semeni, nami nitawajibu kwamba Umoja wa Kisovieti haukuwa Urusi peke yake, Ukraine nayo ilikuwa ndani yake, na hata deni lenyewe halikutuzuia kusema kweli mwaka 1968. Kama ni kwamba wakubwa waliotuandikia azimio wao wenyewe waliivamia Iraki mwaka 2003 bila kuadhibiwa, hiyo nayo ni hoja, na ina uzito. Basi iwekwe mezani kama hoja. Mimi nilichosikia ni kwamba hatufungamani na upande wowote na kwamba tunapenda mazungumzo. Ndicho hasa baba mdogo alichosikia kwenye redio yake.

Balozi wa Kenya katika Umoja wa Mataifa, siku chache kabla ya vita kuanza, alieleza msimamo wa nchi yake kwa kuzungumzia mipaka tuliyochorewa na wakoloni, na kwa nini Afrika iliamua kuishi nayo badala ya kuimwagia damu. Nilimsomea mwanafunzi yule hotuba hiyo. Akaniuliza ya kwetu iko wapi.

Kuna wakati ukimya una kazi, na hilo nalikubali. Februari 2025, baada ya Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, kutekwa, wakuu wa nchi za Afrika Mashariki na wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walikutana Dar es Salaam, wakawaagiza wakuu wa majeshi wakutane ndani ya siku tano kupanga namna ya kusitisha mapigano. Mwenyeji wa mazungumzo hawezi kumnyooshea kidole mgeni wake mlangoni. Naelewa. Tena vijana wetu walikuwa hukohuko Kongo wamevaa sare. Lakini msuluhishi anayenyamaza ili asuluhishe ni tofauti na asiyesema kwa sababu hataki kuulizwa, na raia hawezi kuwatofautisha wawili hao asipoambiwa. Watu wa Goma wanazungumza Kiswahili. Wanatusikiliza. Wanauliza swali lilelile la jioni zile shuleni.

Januari 2024 nchi zisizofungamana zilikutana Kampala, mkutano wao wa 19. Sudan Kusini, nchi changa kuliko zote Afrika, ilipokelewa huko kuwa mwanachama. Nilifurahi kuona hivyo, kisha nikajiuliza: ndugu zetu hawa wakituuliza sisi wakongwe kutofungamana kunafanywaje, tutawaonyesha nini? Tutawaonyesha 1965, au tutawafundisha kubonyeza kitufe cha katikati?

Mei 2025 mlizindua toleo jipya la Sera ya Taifa ya Mambo ya Nje, lililochukua nafasi ya lile la 2001. Diplomasia ya uchumi imeendelezwa, na sipingi. Nchi maskini lazima itafute masoko. Kukuza Kiswahili duniani kumewekwa humo, nami nafurahi, kwani ndiyo lugha niliyosomea na kufundishia uraia. Kinachokosekana si sera. Ni utaratibu wa kutueleza.

Ninachoomba ni hiki. Kila Tanzania inapojizuia kupiga kura katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa juu ya vita, uvamizi au mauaji ya raia, Wizara iandike maelezo kwa Kiswahili, ukurasa mmoja unatosha: azimio lilidai nini, tulipigaje, kwa nini. Maelezo hayo yawasilishwe Bungeni katika mkutano unaofuata, na yawekwe mahali ambapo mwalimu wa Missenyi anaweza kuyasoma bila kuomba kibali. Nanyi Wajumbe wa Kamati, yasipoletwa, yadaini. Kama kuna sababu ya usalama wa nchi isiyoweza kutajwa hadharani, Kamati ielezwe faraghani, na Kamati itutangazie kwamba imeelezwa na imeridhika au haikuridhika. Hakuna shilingi ya ziada inayohitajika. Mabalozi wetu wana akili na wana kalamu, na naamini maelezo hayo tayari yanaandikwa, kwa Kiingereza, katika faili ambazo hatuzioni.

Mtasema mkubwa mmoja atakasirika akisoma sababu zetu. Atakasirika, ndiyo. Bonn ilikasirika, London ilikasirika, Washington nayo. Mwaka 1981 Marekani ilimzuia mwanadiplomasia wetu Salim Ahmed Salim raundi baada ya raundi asiwe Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, kwa sababu alikuwa amesimamia wazi haki ya China kupata kiti chake miaka kumi nyuma. Aliumia yeye, tuliumia sisi. Lakini mwaka 1989 Afrika nzima ilimkabidhi umoja wake auongoze, na akauongoza kwa miaka 12. Waafrika walijua anakosimama.

Baba mdogo alirudi kijijini mwaka 1979, akakuta nyumba haina paa wala milango. Akajenga upya. Mpaka anafariki, habari za vita popote zikitajwa, Lebanoni, Angola, Rwanda, alikuwa anageuka na kuniuliza mimi mwalimu: "Na sisi, tumesemaje?" Alikuwa amebadilisha neno moja tu. Redio yake ninayo hadi leo, na hotuba ya makadirio ya Wizara yenu huwa naisikiliza kila mwaka mnapoisoma Dodoma. Mwaka huu nitaisikiliza nikiwa na karatasi mbele yangu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Missenyi, Kagera